Boksi la Mama na Mikono ya Nyundo

Kaka yangu wanamwita Nyundo, na msidhani ni kwa sababu ya useremala. Ni mpagazi hapa stesheni. Kazi yake ni kubeba baiskeli za watu wanaokwenda kuhiji: anageuza usukani, anafungua pedali, anafunga gurudumu la mbele ubavuni mwa fremu, anaingiza vyote kwenye boksi, kisha boksi linapanda kichwani na kwenda kwenye behewa. Treni inawafikisha mahujaji mji ule ambako safari yenyewe inaanzia, na kuanzia huko wanakanyaga pedali hadi mahali patakatifu. Mabegi wasiyoyahitaji njiani wananiachia mimi. Nina stoo mkabala na lango la stesheni, yenye rafu za mbao, kufuli la shaba na ulimi wangu. Wezi wanauogopa ulimi kuliko kufuli.

Sasa huyu kaka. Kwa baiskeli ana mikono ya mkunga. Kwa binadamu wenzake, Mungu atunusuru! Alimng'oa mtu meno kwa sababu tu alikalia boksi. Alimpiga kichwa kondakta mpaka pua ikalala upande, na hadi leo kondakta akipiga chafya lazima umpishe upande huo. Polisi wanamsalimia kama ndugu yao. Mkewe alihama na sufuria zote, hakuacha hata mwiko. Hili kovu langu la juu ya jicho ni kazi yake, tuligombania mto tukiwa wadogo. Nampenda, lakini kuna siku natamani nimfungie rafuni pamoja na mabegi.

Ndiyo maana mama akaamua kwenda kuhiji. "Nimemsema mpaka mate yamenikauka," aliniambia. "Sasa nakwenda kumshitaki kwa mwenye uwezo." Mama ameuza maziwa kwa baiskeli tangu sisi hatujazaliwa, kwa hiyo miguu haikuwa tatizo. Siku moja kabla ya safari, Nyundo mwenyewe alilifunga boksi la mama kwa kamba ya bluu ya kuanikia nguo, huku anapiga mluzi. Hakujua anayekwenda kuombewa ni nani.

Wapagazi wetu wana sheria yao. Boksi linabebwa na aliyelifunga. Mwingine akilinyanyua, huyo ni mwizi, na mwizi wa boksi hapelekwi polisi, anamalizwa palepale. Mama aliijua sheria hiyo. Lakini alijua pia kwamba Nyundo akikanyaga stesheni siku ya msongamano, lazima atamchapa mtu, na hakutaka hija yake ianze kwa damu. Asubuhi, kabla kaka hajafika, alimwita Mabega, mpagazi mpole ambaye hata nzi anamfukuza kwa adabu. "Baba, nibebee hili," akamwambia. "Mwanangu nimeshamwambia." Hakuwa amemwambia chochote. Nani angethubutu?

Nilikuwa napanga mabegi, mama amekaa kwenye kiti changu, niliposikia watu wanapiga mayowe ng'ambo. Nyundo ameiona kamba ya bluu kichwani kwa mtu mwingine. Damu ikampanda. Hakuuliza, hakuita. Alimvamia Mabega kwa nyuma, akamshindilia ngumi ya kisogo, na Mabega akaenda chini kifudifudi. Boksi likapasuka.

"Nimetumwa na mama yako!" Mabega alipiga kelele, mdomo umejaa damu.

"Na mama yangu unamtaja? Mama yangu!"

Akampiga teke la mbavu, halafu jingine, halafu jingine. Wapagazi wawili wakaja kumshika. Mmoja alikula kiwiko cha koo, akabaki anatafuta pumzi. Kaka akaichomoa fremu kwenye lile boksi lililopasuka, akaizungusha kama mtu anayepura mpunga. Mara ya kwanza ilimpata Mabega begani. Mara ya pili ilimpata mama.

Alikuwa amenitoka mbio kule stoo, mikono mbele, anaita, "Mwanangu, mwanangu, ni mimi niliyempa!" Mkono ulivunjika juu ya kiwiko, mfupa ukatokeza nje. Hakulia. Aliketi pale sakafuni, akautazama mkono wake, kisha akamtazama mwanawe.

Nyundo aliangusha fremu, akapiga magoti. Hapo mimi nilimpiga. Kofi juu ya kofi, mpaka kiganja kikafa ganzi, na yeye hakujikinga hata mara moja. Nilitamani ajikinge nipate hasira zaidi.

Hospitali walimfunga mama plasta mpaka begani. Mabega alilazwa wodi ya pili, anakojoa damu. Kaka alisimama mlangoni kama mtu aliyekuja kuomba kazi.

"Treni imeondoka?" mama aliuliza.

"Imeondoka, mama."

"Basi utakwenda wewe."

"Mama, mimi baiskeli sijui kuendesha."

Kweli, jamani! Maisha yake yote amezibeba, hajawahi kupanda hata moja. Kicheko kilinitoka puani katikati ya machozi. Mama hakucheka.

"Nani kakwambia uendeshe? Iweke kichwani, ndiyo kazi unayoijua. Kutoka lango la stesheni hadi kule patakatifu. Na ukiitua ili umpige mtu, usirudi kwangu. Sitakufungulia mlango."

Kaka aliondoka kesho yake. Fremu imepinda, magurudumu yamefungwa juu yake kwa ile kamba ya bluu. Nilifunga stoo, nikamsindikiza. Tulipopita nyumba za mwisho, karibu na kiwanda cha matofali, ndugu zake Mabega walikuwa wanatungoja. Walishika mikanda ya kufungia mizigo, ile yenye vifungo vya chuma.

"Tua mzigo, upigane kiume," mkubwa wao alisema.

"Siwezi. Ni wa mama."

Wakamshukia. Mikono yake yote iko juu, mbavu ziko wazi, na chuma kinatua popote kinapotaka. Shati lilichanika, ngozi ikafuata. Niliokota tofali.

"Mdogo wangu, tupa hilo," akasema, meno ameyauma.

Kifungo kilimpasua juu ya jicho. Alipiga goti moja, fremu ikayumba, nikafumba macho kwa sababu nilimjua kaka yangu. Nilipofumbua alikuwa anainuka nayo. Walimpiga mpaka yule mkubwa akatupa mkanda na kuanza kulia, anamtaja ndugu yake. Wakaondoka.

Nyundo aliniomba nimfute damu, maana haoni na mikono haina nafasi. Nilimfuta kwa pindo la gauni, nalia kwa sauti kama mtoto.

"Mwambie mama sijaitua," akasema, akashika njia.