Eti Walipotea

Binti yangu wa miaka kumi alipewa kazi ya shule: Ijumaa asimame mbele ya darasa aeleze habari za miji ya kale ya bonde la Mto Indus. Tulikuwa jikoni, nyumbani kwetu Erdington, huku ughaibuni, mimi namenya viazi, yeye ananisomea bango lake. Miji ya matofali, yenye visima na mitaro ya maji machafu. Kisha mvua zikapungua kwa miaka mingi, na huenda ukame huo ulichangia kuiangusha. Nikamsifu. Halafu akafika mstari wa mwisho, wa kalamu nyekundu: watu wakapotea.

"Wakapotelea wapi?"

"Dad, karatasi ya mwalimu ndivyo inavyosema," akajibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake.

Nikaweka kisu chini. Mimi nimezaliwa Kitui. Nilipokuwa na umri wake mvua ilikataa misimu mitatu. Nilikwenda na mama kuchimba mchanga wa mto uliokauka, tukingoja maji yajikusanye shimoni, tuyachote kwa kikombe cha bati. Majirani wetu walifunga virago wakaenda kwa jamaa zao milimani. Mpita njia angeona boma lao tupu aseme wamekwisha. Sisi tulijua walipo. Mbuzi wao wawili walibaki kwetu, na walikuwa wasumbufu kweli.

Tangu hapo nimehama mno. Mombasa, Nairobi, Doha, sasa hapa, na nyayo bado zinawasha. Kila nikimpigia mama simu, hata kama tuliongea juzi, ananianza: "Wewe, umepotea!" Nami namjibu, "Nipo, mama."

Tukatafuta kwenye simu yangu. Wengi waliiacha miji polepole, wakaenda mashariki, wakaishi katika vijiji vidogo.

"Unaona? Walihama. Futa huo mstari."

"Na nikikatwa alama?"

"Ukatwe. Nyanya yako akisikia umeandika watu wamepotea, atakuuliza nani aliwatafuta."

Akanuna. Alikuwa amepamba herufi zile kwa saa nzima. Sikumsaidia kufuta, na sikumwomba radhi.

Ijumaa alirudi, akatupa mkoba kwenye kiti. Alikuwa amesema walihama. Mwalimu akamuuliza mbona karatasi inasema vingine.

"Ukamjibuje?"

"Nikasema nyanya yangu anadhani baba amepotea, na baba yuko jikoni anamenya viazi."

Darasa zima lilicheka. Alama moja ilikatwa, kwa kutofuata karatasi. Nilitaka kwenda shuleni Jumatatu. Akanikataza, akasema hiyo alama wakae nayo.

Jioni nikampigia mama. Sauti yake ikajaa jikoni: "Nyinyi watu, mmepotea!"

Kabla sijafungua mdomo, binti yangu akaninyang'anya simu. Akasema kwa Kiswahili, kwa sauti ya kugombana:

"Tupo, nyanya!"