Ng'ombe wa Bibi Hawakuhesabiwa

Juzi binti yangu alirudi kutoka darasa la awali na ujumbe wa mwalimu: wazazi tulete vizibo vya soda, watoto wapate vya kuhesabia. Hapa Kewanja vizibo si shida. Nilipita kwa mama ntilie wawili tu nikarudi na mfuko umejaa. Tukaketi mkekani, yeye anapanga akihesabu kwa sauti, mimi nasikiliza, na nikajikuta nacheka. "Mama, unacheka nini?" Nikamwambia aendelee kuhesabu. Ngoja nikusimulie wewe.

Nilikulia Nyanungu, kwa bibi mzaa baba. Kila asubuhi nilizoa samadi zizini, na usidhani uji wa ulezi ulimiminwa kabla zizi halijawa safi. Jioni, ng'ombe wakirudi, bibi alinisimamisha langoni na swali lake lile lile: "Nani hajaingia?" Ilinibidi nijue. Wa madoa kaingia, mweusi mwenye nyota usoni kaingia, yule wa pembe iliyovunjika bado yuko nyuma na ndama wake. Nilikuwa na miaka mitano na sikukosea hata mmoja, na ninajisifu mpaka leo.

Lakini kutaja idadi yao kulikuwa mwiko. Ng'ombe akihesabiwa anapungua. Bibi aliamini hivyo, nami niliamini kwa sababu yeye aliamini.

Sasa mwalimu wetu wa awali alikuwa mgeni pale kwetu, mtu wa moyo mzuri sana. Ili tusiogope shule, akaona atufundishe kwa vitu vya nyumbani. Akachora ng'ombe ubaoni. Ng'ombe watano, wawili wameenda mtoni, wamebaki wangapi? Nikafunga mdomo. Kesho yake ng'ombe tena, nikafunga tena. Wenzangu walijibu bila wasiwasi. Labda kwao hawakuwa na bibi kama wangu. Kumweleza mwalimu sikuweza, maana Kiswahili changu kilitosha kuombea maji tu.

Mwaka ulipokaribia kwisha, mwalimu alimwambia baba kwamba sijui kuhesabu, itabidi nirudie.

"Hakuna kurudia," baba alisema alipofika nyumbani. "Akae hapa ambebe mdogo wake."

Hakuwa anatania. Nililia mpaka nikapata kwikwi. Bibi akaacha kupukuchua mahindi, akanisogezea rundo la magunzi. "Hebu nihesabie haya." Nikayahesabu yote kwa Kikurya, kisha nikayarudia kwa Kiswahili kama nilivyowasikia wenzangu darasani, nimejaa kamasi. Bibi alifurahi kwanza, halafu akakunja uso. "Sasa huko shule wanakuuliza nini?" Nikamwambia habari za ng'ombe wa ubaoni. Akarudi kupukuchua mahindi yake.

Kesho yake alimwita mwalimu nyumbani. Mwalimu akaja jioni, akasema shikamoo, akapewa maziwa mgando, akaelezwa. Akashika mdomo.

"Jamani! Bibi, mimi sikujua. Kuanzia kesho nachora mahindi."

"Wewe utachora mahindi, mwanangu," bibi akasema. "Na mwalimu wa darasa la kwanza? Na wa mbele yake? Nitawafuata wote na miguu hii?"

Ng'ombe walikuwa wameanza kuingia. Bibi akanigeukia. "Simama pale langoni. Leo wahesabu. Sema kwa sauti mwalimu asikie." Nilimwangalia nikidhani nimesikia vibaya. Akarudia neno hilo hilo, kisha akaingia nyumbani mwake na kufunga mlango.

Nikahesabu. Nilipomtaja ndama wa mwisho mwalimu alipiga makofi. Jina langu likaandikwa darasa la kwanza, na baba hakusema tena habari ya kubeba mtoto. Mwalimu alipoondoka bibi alitoka, akapita zizini akimgusa kila ng'ombe mgongoni na kunong'ona. Nilidhani anatafuta kupe. Nilikuwa mtu mzima ndipo nikaelewa kwamba alikuwa anawaomba radhi.

Siku hizi nikisikia mzazi anasema hajasoma, hivyo hawezi kumsaidia mtoto wa awali, simwachi. Bibi hakuwahi kushika kalamu. Aliyonifundisha pale langoni, kutazama na kukumbuka, ndiyo yaliyonibeba shule nzima, nayo ndiyo ninayompa binti yangu kabla ya vizibo.

Zizi lile sasa ni shamba la muhogo, na bibi amelala pembeni yake. Ng'ombe walikwisha wote. Waliuzwa mmoja mmoja ili nisome sekondari kule Issenye, na kila aliyetoka, ni bibi mwenyewe aliyemfungulia lango.