Sinia Nane za Jumapili

Wiki iliyopita ofisini kwetu tulifanya mlo wa kila mtu alete chake. Karatasi ilibandikwa ukutani siku tatu kabla, majina upande huu, vyakula upande ule: chapati, pilau, kuku, soda. Mama anayetupikia chai hakuwa ameandika kitu. Tulipoketi, mhasibu wetu, Mkenya mcheshi asiye na ubaya, akamwambia, "Na wewe mama, leo umetuletea tumbo peke yake?" Watu wakacheka. Yule mama naye akacheka, akasema amesahau bakuli kwa meza nyumbani. Alikula kidogo sana, amesimama karibu na mlango. Nilirudi nyumbani Gudele, hapa Juba, nimekaa nyuma ya bodaboda nikifikiria Hai Cinema, mtaa wa utoto wangu, na jambo nililofanya huko nikiwa na miaka tisa.

Acha nikueleze tulivyokula, kwa sababu sidhani kama kuna mtu anayekula hivyo tena. Kila Jumapili baada ya ibada, nyumba nane za ujia wetu zilipeleka sinia uani kwa bibi mmoja jirani. Tulimwita haboba, kama watoto wa Juba wanavyowaita bibi zao. Alikuwa na rakuba kubwa, yaani kibanda cha miti na nyasi kisicho na kuta. Kila sinia ilikuja imefunikwa kwa kawa lililosukwa kwa rangi, jekundu na zambarau. Chini yake kulikuwa na kisra, ile mikate myembamba ya mtama iliyokunjwa kama nguo, pamoja na bakuli la kombo, mboga zilizopikwa kwa karanga za kusaga, au bamia, au samaki wa mtoni. Harufu ilipenya kwenye kawa, nasi watoto tukawa tunabishana ni nini.

Sharti lilikuwa moja: hakuna aliyefunua sinia ila haboba. Alizipokea moja moja kwa mikono yake mwenyewe. Nyingi alizipanga kwenye mkeka. Moja, pengine mbili, aliziweka nyuma ya kiti chake, na watu walipomaliza kula zilirudi kwao zikiwa bado zimefunikwa. Nilidhani hizo ni za akiba. Ilinichukua miaka mingi kulipanga jambo hili sawasawa kichwani. Mikono yake ndiyo iliyokuwa ikipima. Sinia nyepesi ilikwenda nyuma, na wakati wa kugawa, watu wakiwa wameinamia bakuli zao, aliijaza. Nyumba isiyo na kitu ilileta sinia kama wengine na ikarudi na chakula cha jioni. Hakuna aliyejua ni ya nani, au wote walijua na hakuna aliyesema.

Mwaka ule baba alikuwa kazini mji mwingine, na vita vilikuwa vimefunga barabara. Mama alikuwa mpishi hodari, lakini siku hizo alikwenda sokoni Konyo Konyo asubuhi na kurudi na fungu dogo la majani, basi. Jumapili hiyo alinikabidhi sinia akaniambia, "Beba kwa mikono miwili. Usikimbie."

Nilisikia kwamba ni nyepesi, ila mawazo yangu yalikuwa kwingine. Binti wa jirani, aliyenizidi mwaka mmoja, alikuwa amenichokoza wiki nzima: kombo ya mama yenu hatuionagi siku hizi, au mnajifungia jikoni mle wenyewe? Haboba alipoiweka sinia yetu nyuma ya kiti, binti yule akaninong'oneza, "Umeona? Ya kwenu imefichwa tena."

Nikasimama. Nikaivuta sinia hadi katikati ya mkeka, nikaliondoa kawa ili wote waone jinsi mama yangu anavyopika.

Kulikuwa na sahani mbili zilizolala kifudifudi, na kitambaa kilichofuliwa na kupigwa pasi, kimekunjwa vizuri katikati.

Hakuna aliyecheka. Kicheko ningekielewa. Haboba alirudisha kawa polepole, akasema mtoto amechanganya, hii ni sinia yake yeye ya vyombo. Watu wazima wote wakaitikia. Lakini mama aliinuka kati ya wanawake wenzake, akachukua sinia yake, akaondoka nayo. Hakunipiga. Hakukanyaga tena pale hadi tulipohamia Kenya, na huko kanisani walipokula pamoja alisema amefunga. Alisema hivyo mpaka akafa.

Niliporudi Juba nilikwenda kuangalia. Pale uani pamejengwa maduka, moja linauza laini za simu. Jirani zangu wa Gudele ni watu wema, tunasalimiana juu ya ukuta, lakini sijui wanakula nini, wala wao hawajui jikoni kwangu kuna nini. Watu husema vita ndivyo vilivyomaliza desturi ile. Kwetu niliimaliza mimi.

Alasiri ya Jumapili ile haboba alikuja mwenyewe mlangoni, na sinia iliyojaa. Nilisikia harufu ya samaki. Mama alimshukuru kwa heshima zote, akamwambia, "Sisi tumeshakula, haboba."

Haboba akanitazama mimi niliyesimama nyuma ya mama, akingoja. Nilikuwa sijatia kitu mdomoni tangu jana yake. Nikasema ni kweli, tumeshiba.