Maji Aliyokunywa Mume Wangu Mkutanoni

Jina langu lifichwe, maana huku kijijini, njia ya Runzewe, gazeti moja husomwa na kila nyumba. Nina miaka ishirini na tisa na watoto watatu. Mume wangu, Baba Masanja, ni karani wa kampuni iliyokuja kuchimba dhahabu hapo juu ya kisima chetu, tangu biashara za watu binafsi ziliporuhusiwa.

Masika yaliyopita alianza kuleta maji kwa baiskeli, madumu mawili kutoka bomba la misheni, mwendo wa saa nzima. Akasema ya kisimani tufulie tu, haya ya mtungini tunywe. "Chai inakuwa nzuri." Mimi nikajua ana mwanamke huko misheni. Mwanaume gani ahangaike hivyo kwa ajili ya chai? Nilimnusa mashati, nikawahoji wapita njia, sikupata kitu.

Kisha ndama wakaanza kufa. Mapacha wa jirani yangu Mama Kulwa wakatokwa vidonda midomoni. Mkutano ukaitwa, tukauliza kama dawa za mgodi zimeingia kisimani, na meneja wa kampuni akatujibu kwamba asiyeyataka maji ahame, yeye amekuja kufanya biashara. Baba Masanja akasimama na chupa ya kijani, akamimina glasi, akanywa yote. "Haya ni ya kisimani. Nimekufa?" Watu wakacheka, wakarudi kuchota. Hata mimi nilicheka, mpaka nilipoikumbuka ile chupa. Asubuhi ile nilikuwa nimeijaza kwa mkono wangu, kutoka mtungini, kwa kuwa aliniambia ana safari.

Nilipombana alisema, "Nyamaza. Unataka tule nini?" Tangu hapo simwamini tena. Hata chumvi anayoleta naikagua.

Mwisho wa mwezi akina mama wanaandamana na ndoo tupu hadi geti la kampuni. Nikisema ninachojua, mume wangu atafukuzwa, labda afungwe, na wenzangu wataniuliza wanangu wamekuwa wakinywa nini miezi yote hii. Naona aibu, na ninaogopa.

Jana Mama Kulwa aliingia kwangu na Doto, mmoja wa wale mapacha, mgongoni, akaomba maji. Nikampa ya mtungini. Mtoto akamaliza kikombe, akataka kingine.

"Mayu, mama wee, mbona ya kwako hayamwashi?"

Nikamwambia ni mtungi mpya. Alinitazama sana, akaondoka bila kuaga.

Ndugu wasomaji, nishikeni mkono. Doto atarudi na kikombe chake, nami nimwambie nini mama yake?