Maziwa ya Kuoshea Kifua

Shikamooni wakubwa. Wadogo zangu, hamjambo. Mimi ni Eliwaza. Wengi hapa Sekenke mnanijua, niliponda mawe ya dhahabu na nyinyi. Kinu changu kilikuwa pale, na cha mdogo wangu Naomi kando yake.

Nilikuwa na nguvu zangu. Jioni tulitoka hapa weupe kwa vumbi mpaka kope, tukanywa maziwa kuosha kifua, kama tulivyowakuta waliotutangulia wakifanya. Nani angebisha?

Kikohozi kilianza taratibu. Nikaongeza maziwa. Yakaja majasho, kanga ikawa inalowa nikilala. Nikakonda, sketi ikawa haikai kiunoni. Kisha nikatema damu hapahapa, mbele ya Naomi.

"Dada, nenda hospitali," alisema. "Watoto wako niachie mimi."

"Na wewe unayekohoa?"

"Changu ni vumbi tu. Nakunywa maziwa."

Hospitali ya wilaya walipima makohozi wakakuta kifua kikuu. Maji nayo yalikuwa yamejaa kifuani. Waliyatoa, yakajaa tena, wakanipa rufaa kwenda jijini, kwenye hospitali wanakofundishia madaktari.

Huko walinitoboa ubavuni wakapitisha mpira. Yalitoka maji mazito yenye harufu mpaka mimi mwenyewe nikageuza uso. Dawa zikafanya mkojo kuwa mwekundu. Niliomba nife, siwafichi.

Asubuhi wanafunzi walizunguka kitanda. Mwalimu wao, daktari mzee, aliniomba ruhusa kwanza. Wakanigonga mgongo kwa vidole, kama mtu anayesikiliza debe kama bado lina mahindi, naye akawauliza wanasikia nini. Mmoja akaniuliza vumbi tunalizuiaje.

"Tunakunywa maziwa," nikasema.

Wakatabasamu. Mzee hakutabasamu.

"Wodi hii ilijengwa na wakoloni kabla chuo hakijakuwepo," aliwaambia. "Wachimbaji waliletwa hapa kufa tu. Chuo kilipoanza, wanafunzi wa kwanza walijifunzia kwenye vifua vyao. Mimi nilipokuja kusoma niliwakuta wengine wamelala hapa, na wao walisema maziwa. Maziwa yanaenda tumboni. Vumbi liko kwenye mapafu."

Kisha akanigeukia. "Mama, kifua kikuu tutakiponya. Vumbi lililokwisha kuganda humo hatuna namna ya kulitoa."

Nililia. Sikujililia mwenyewe. Nilimuona Naomi na kikombe chake.

Nikampigia simu. Akasema atakwenda kupima wakishavuna. Nikapiga tena, akasema anaendelea vizuri, nisijisumbue.

Niliporuhusiwa alikuja kunipokea stendi. Nilimtambua kwa kanga, uso ulikuwa umekwisha. Kesho yake tulikwenda kupima, na haikuchukua muda akapewa rufaa kama yangu. Akalazwa wodi ileile. Wanafunzi wakamgonga mgongo. Safari hii mwalimu hakuwauliza wanasikia nini.

Naomi alifia pale, mkono wake nimeushika.

Nawashukuru madaktari, na nawashukuru wachimbaji wale wa zamani ambao majina yao sitayajua. Madaktari walijifunza kwao, mimi nikapona. Lakini nikipanda kilima hiki nasimama mara kwa mara kutafuta pumzi, na nikifika nyumbani watoto wa Naomi wananiita mama. Nimepona, na furaha siioni. Nawaambia ukweli.

Lowesheni mawe kabla ya kuponda. Fungeni kitambaa puani. Kikohozi kikizidi wiki mbili, nendeni mkapime makohozi, msingoje mavuno.

Na wewe mama uliyekaa penye kinu cha Naomi, nimekusikia ukikohoa tangu nianze kusema. Hayo maziwa yako hapo pembeni kunywa, ni chakula. Ukimaliza, tupitie kwako ufunge mlango, twende wote hospitali ukapime. Nimekuja kukuchukua.