Maswali Ambayo Simu ya Kulwa Haikuyajibu

Iko siku moja haijanitoka, mwanangu Nyamizi. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi kituo cha polisi, mjini Tabora, nimevaa shati langu la kanisani, nikingoja simu iniambie nani amemuua baba yako.

Nakuita mwanangu kwa haki kabisa. Baba yako Kulwa na mimi Doto tulizaliwa pacha, na alipopotea wewe hukuwa hata umeanza kutembea. Leo umepata nafasi chuoni, unakwenda kusomea kazi ya kuchunguza simu na kompyuta kwa ajili ya mahakama, na juzi nilikusikia ukiwaambia wenzako kwamba mtaalamu akibonyeza tu, kila kitu kinatoka. Ndiyo maana nimekuita. Kaa hapa karibu.

Baba yako aliondoka Usoke kwa baiskeli kwenda porini, ng'ambo ya mto Ugalla, kukagua mizinga yake ya nyuki. Mvua zilikuwa zimeshaanza. Alisema atarudi kabla ya ibada ya Jumapili. Jumapili ikapita, na nyingine ikapita. Tulimtafuta mpaka miguu ikatuvimba. Mvua zilipokatika ndipo simu yake ilipoonekana mkononi mwa Masanja, mfugaji jirani yetu, ameshaweka laini yake mwenyewe.

Hapo kijiji kikawaka. "Simu ya Kulwa imekutwa kwake, mnataka ushahidi gani tena?" watu walipiga kelele, na wengine walishashika viberiti kuiendea nyumba yake. Masanja analia, anaapa kwamba aliikuta ndani ya mfuko ulioning'inia mtini kando ya mto, alipokuwa akifuatilia ng'ombe waliopotea. Nani wa kumwamini? Polisi walimchukua, na nadhani kuchukuliwa kule ndiko kulikomwokoa.

Basi nikaitwa mjini. Mchunguzi alikuwa mwanamke kijana, afande, katoka Dar es Salaam na vifaa vyake kwenye begi. Aliniamkia shikamoo, nikaitikia marahaba, kisha nikamwambia bila kuzunguka: "Afande, ibonyeze hiyo simu imtaje aliyemuua ndugu yangu."

Hakunicheka. Alivuta kiti akakaa mbele yangu.

"Baba, simu haimjui aliyeishika. Inaweza kunionyesha ilifanya nini na lini. Ilikuwa mkononi mwa nani, hilo yenyewe haijui."

"Lakini vitu alivyofuta huyu mtu, si utavirudisha?"

"Nikivikuta. Kilichofutwa wakati mwingine kinabaki, wakati mwingine kipya kimeshakaa mahali pake, na hapo hakuna la kufanya. Wala sitakupa jibu leo. Nitanakili kilichomo, nifanyie kazi ile nakala, simu yenyewe ifungiwe isiguswe tena. Hata saa ya simu huwa inakosea, lazima niilinganishe na kumbukumbu za kampuni ya simu."

Nilinyong'onyea. Mimi nilidhani ni kazi ya asubuhi moja, kwamba ningerudi Usoke kwa treni na jina la mtu kichwani. Ndipo nikamwomba lile nililokuwa nalo moyoni tangu nyumbani, ambalo hata mama yako sikumwambia.

"Na sauti yake? Kila akisafiri tulikuwa tukiongea kwa simu hiyo hiyo. Nitolee hata neno moja."

"Simu inatunza namba na muda mlioongea, Baba. Maneno yenyewe haiyatunzi, mpaka mtu awe ameyarekodi. Nitatafuta. Ila nisikudanganye."

Wiki kadhaa zikapita ndipo akaniita tena. Sauti hakuipata. Alipata picha, ya mwisho aliyopiga baba yako. Ni mto umefurika, maji ya rangi ya udongo yamekaribia matawi, na pembeni linaonekana gurudumu la baiskeli. Imepigwa jioni ya Jumamosi ile, kuamkia ibada aliyosema atairudia. Baada ya hapo simu haikutumika tena mpaka ilipowekwa laini ya Masanja, miezi baadaye.

Nikamuuliza, "Kwa hiyo Masanja hakuwepo mtoni?"

"Picha hainiambii hivyo. Inanipa siku na saa tu. Yaliyobaki ni ya wenzangu kuulizia."

Wakaulizia. Jumamosi ile Masanja alikuwa mnadani Igunga, na wanunuzi wa ng'ombe waliokuwa naye mpaka giza likaingia wakasema hivyo; baadaye aliachiwa. Warina asali wa kwetu walipoonyeshwa picha walikitambua kivuko, tukaenda. Baiskeli tuliikuta imenasa kwenye mizizi, chini kidogo ya kivuko. Inaelekea baba yako alitundika mfuko mtini ili akapime kina cha maji kwanza. Yeye mwenyewe hatukumpata mpaka leo.

Picha ile alimpigia nani, mwanangu? Najiuliza kila mvua zikianza. Labda alitaka kuja kutuonyesha kwa nini amechelewa. Mama yako aliniambia siku moja nisimuite nikiwa nje, kwa sababu sauti yangu ni ya Kulwa mtupu, na kila akiisikia anaacha alichoshika na kukimbilia mlangoni. Tangu hapo nikifika nyumbani kwenu nanyamaza mpaka anione. Na nikiwa peke yangu shambani huwa naita jina la baba yako kwa nguvu, nisikie tu jinsi ambavyo angeitikia.

Sasa sikia ninalokuusia. Watakujia watu kama mimi, wamevaa nguo zao nzuri, wakiamini una uwezo wa kufufua. Wengine watataka umtie mtu hatiani, wengine watataka umtoe. Wewe usiwe wa huyu wala wa yule. Sema ulichokikuta, na usichokikuta useme hukukikuta, hata kama anayekusikiliza anatokwa na machozi. Usione haya kusema hujui. Afande yule angenipa jina siku ile ningelipokea, na Masanja asingekuwa hai. Na ukimaliza kumweleza mtu ukweli, usiinuke haraka. Kaa naye kidogo kama afande yule alivyokaa na mimi.

Nenda, mwanangu. Mungu akutie nuru machoni na upole mdomoni. Akulinde njiani na akurudishe salama kwa mama yako. Na kila atakayekuja kwako akimtafuta mtu wake, Mungu amjalie ampate, au ampe nguvu ya kuishi bila kumpata. Amina.