Kumaliza Maboma

Siku mwenyekiti wetu aliposoma malengo ya chama, mimi ndiye niliyepiga kigelegele. Madiwani wenzangu walipiga makofi ya adabu, yale ya kumfukuzia mtu usingizi. Mimi nilisimama kabisa, kanga ikanidondoka begani.

Ngoja niseme kwa nini. Kijijini kwetu, upande wa Chinongwe, kuna boma la zahanati, yaani kuta tupu zinazongoja bati. Kuta zile tulizipandisha wenyewe. Wanaume walifyatua matofali huku wakilalamika, sisi wanawake tukabeba mchanga kwa ndoo. Mdogo wangu alibeba akiwa na mimba, na nilipomwambia akapumzike alinijibu kwamba anamjengea mwanawe. Alifia kwenye bodaboda akikimbizwa hospitali, mtoto tumboni. Mimi ndiye niliyemleta kutoka kwetu Nachingwea kuja kuolewa huku Ruangwa, ili nisikae peke yangu. Siasa nilikuwa siijui hata chembe. Niliomba udiwani wa viti maalumu kwa ajili ya bati lile tu.

Mwenyekiti ni mtani wangu wa ukoo. Msibani kwa mdogo wangu alijilaza katikati ya mkeka wa wafiwa, akaapa hainuki mpaka apikiwe pilau, nikacheka huku nalia. Kwa hiyo aliposimama mbele yetu, katika kile kikao cha madiwani wa chama cha kuwekana sawa kabla ya baraza, nilimsikiliza kama ndugu.

Lengo la kwanza lilikuwa korosho. Kwetu la kwanza ni korosho siku zote. La pili barabara. Kisha akavua miwani.

"La tatu, waheshimiwa, na hapa nataka sauti moja. Mwaka huu tunamaliza maboma yote."

Ndipo nikapiga kigelegele. Hata sikungoja amalize kueleza, nikashika simu na kuwaandikia wanawake wa kikundi chetu: boma linamalizwa. Mwenye kiu hapimi maji.

"Ng'ombe wamejaa Matambarale," aliendelea mwenyekiti. "Wamekula ufuta wa watu, wanakuja na huku kwingine. Kila ukigeuka, boma jipya. Tunayaondoa yote."

Alikuwa anasema maboma ya mifugo, mazizi ya miiba na vibanda vya wale wafugaji waliohamia kutoka kanda ya ziwa. Neno ni lile lile. Nikanyoosha mkono.

"Na maboma ya zahanati, mheshimiwa?"

"Hayo tutayaangalia bajeti ijayo, mtani wangu. Wewe umeshawapigia ng'ombe kigelegele, kura yako tunayo!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Utani wenyewe ulikuwa halali, na siku nyingine ningemrudishia maradufu. Siku ile nilikaa chini, nikajifunga kanga vizuri, nikaangalia meza. Iliniuma kama siku ya kumzika mdogo wangu. Pengine zaidi, maana msibani angalau watu walinishika mkono.

Niliporudi kijijini jioni niliwasikia kabla sijashuka kwenye bodaboda. Wanawake walikuwa ndani ya boma la zahanati na majembe, wanang'oa magugu na kuimba. Chumba cha kujifungulia kilikuwa kimefagiliwa, mbingu ikionekana yote juu yake.

Mwenye ufagio alikuwa binti mmoja wa kifugaji, mke wa kijana ambaye boma lake la ng'ombe liko ng'ambo ya korongo. Ng'ombe wale waliwahi kumaliza mbaazi zangu, na nilimtukana mumewe mpaka sauti ikanikauka. Yeye alikuja kesho yake na maziwa kuniomba radhi. Sasa alikuwa na mimba ya kwanza, na tumbo lilishaanza kumzuia kuinama.

Aliponiona aliweka ufagio chini, akapiga goti.

"Shikamoo, mama diwani. Wamenisomea ujumbe wako. Eti ni kweli maboma yanamalizwa?"

Wenzake waliacha kuimba wakanigeukia. Nilitafuta neno jingine, sikulipata.

"Marahaba, mwanangu," nikasema. "Ni kweli. Yanamalizwa."

Akashika tumbo lake, akapiga kigelegele.